Kidonge Nilichokificha: Je, ni Kukosa Imani Kunywa Dawa ya Maumivu Kila Siku?



Nawasalimu nyote, familia za bloku zote hapa Mantapala, pamoja na ndugu zetu Wazambia wa Nchelenge, Kashikishi na Mwansabombwe waliotupokea tulipofika mikono mitupu. Mwezi huu wazee wa kanisa wameniomba niandike juu ya swali lililoulizwa mara tatu katika mafundisho ya Jumatano: Je, Mkristo anayemeza dawa ya maumivu kila siku, mwaka hata mwaka, amekosa imani? Na je, huo si utumwa?

Ningeweza kulijibu kama tulivyozoezwa chuo cha Biblia, yaani kupanga maandiko, kutoa hoja tatu na kufunga kwa sala. Lakini swali hili limo ndani ya mwili wangu mwenyewe. Wengine mnajua sehemu ya habari hii. Leo naiandika yote, hata ile sehemu inayoniaibisha, kwa maana wahenga walisema kweli: mficha maradhi, kifo humuumbua.

UGONJWA WENYEWE

Nyuma ya tumbo la chakula, karibu na uti wa mgongo, Mungu ameweka kiungo kiitwacho kongosho. Urefu wake ni kama sentimita 15. Kina kazi mbili. Kwanza, kinatoa maji ya kusaga chakula, hasa mafuta. Pili, kinatoa insulini, inayoongoza sukari katika damu. Kwa mtu mwenye ugonjwa wangu, kongosho huvimba, hupoa nusu, kisha huvimba tena, mpaka nyama yake inageuka kuwa kovu. Mara nyingine mawe madogo huota ndani ya mifereji yake. Kovu halirudi kuwa nyama nzima, na ndiyo sababu waganga wanauita ugonjwa sugu.

Maumivu yake huanza chini ya kifua, katikati, na kutoboa mpaka mgongoni. Mara nyingi huja baada ya kula, hasa chakula cha mafuta. Mgonjwa huinama mbele, anakumbatia magoti, maana akilala chali ni vibaya zaidi. Baada ya muda anaanza kuogopa sahani. Choo chake kinakuwa na mafuta na kinaelea juu ya maji, kwa sababu chakula kinapita bila kusagwa. Anakonda huku akila. Wengine hupata kisukari.

Mimi nilianza kuugua mwaka 2014, tukiwa bado upande wa Pweto. Mwaka 2017, fujo ilipotufukuza, tulivuka mpaka, tukapokewa Kenani, na mwaka 2018 tukaletwa hapa Mantapala. Tuliacha godoro, baiskeli na vitabu vyangu vyote vya chuo. Ugonjwa peke yake ndio uliovuka bila kubebwa. Baadaye nilipigwa picha ya tumbo katika hospitali moja, na daktari akanionyesha vidoa vyeupe. "Haya ni mawe," akasema. "Hayataondoka kwa vidonge. Tutajifunza kuishi nayo."

NANI ALITENDA DHAMBI?

Watu hawakuuliza inaniuma wapi. Waliuliza nilikuwa nakunywa nini. Wengine walinong'ona kwamba mchungaji alikuwa mnywaji wa lutuku kwa siri huko Kongo. Mmoja alisema ni mkono wa mtu. Mwingine, kwa upendo kabisa, aliniletea chupa ya mvinyo kwa sababu ya 1 Timotheo 5:23, pale Paulo anapomshauri Timotheo juu ya tumbo lake. Nilimshukuru nikamrudishia. Andiko lile linatuonyesha kwamba mtume hakuona aibu kumwandikia kijana wake dawa, lakini kwa kongosho langu pombe ni sumu, hata kijiko kimoja.

Tuseme kweli. Katika nchi nyingi pombe nyingi ya miaka mingi ndiyo sababu kubwa ya ugonjwa huu, na tumbaku huongeza. Vijana wetu wanaokunywa kachasu na lutuku wasikie. Lakini pombe siyo sababu pekee. Mwaka 1959 daktari Zuidema aliandika habari za wagonjwa maskini wa Indonesia, wenye lishe duni, ambao kongosho zao zilikuwa na mawe. Mwaka 1960, na tena mwaka 1964, daktari Shaper aliandika juu ya wagonjwa wa namna hiyo aliowaona Uganda. Huko Kerala, India ya kusini, walionekana wengi, na kati yao vijana wadogo. Wengine wakashuku muhogo, kwa sababu ya sumu iliyomo ndani yake usipolowekwa vizuri. Sisi wa kando ya Mweru, watu wa bukari ya muhogo na sombe, habari hiyo ingeweza kututisha. Lakini haikuthibitishwa: mamilioni wanakula muhogo wasiugue, na wako wanaougua bila kuugusa. Baadaye wachunguzi waligundua kwamba wengine wamezaliwa na udhaifu huo katika damu ya ukoo wao.

Kwa hiyo, ndugu yangu, huwezi kumtazama mgonjwa na kusoma dhambi yake usoni. Wanafunzi walijaribu jambo hilo katika Yohana 9 walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, na Bwana aliwakatalia njia zote mbili, ya mtu mwenyewe na ya wazazi wake.

Na kama mgonjwa alikunywa kweli? Wako hivyo, na wamo kanisani. Nasema hivi: yule Msamaria alipomkuta mtu ameumizwa njiani, hakumuuliza kwanza kwa nini alipita njia ile ya hatari peke yake. Alifunga jeraha kwanza. Mazungumzo juu ya njia yana wakati wake.

USHUHUDA WANGU WA UONGO

Sasa nafika mahali pagumu.

Dawa yangu ya kwanza ilikuwa parasetamoli. Iliposhindwa, nilipewa tramadoli kwa kipimo: asubuhi na jioni. Ilinisaidia. Niliweza kulima, niliweza kusimama saa moja na kuhubiri. Lakini niliona haya. Mchungaji anayewawekea wengine mikono wapone, mwenyewe anaishi kwa vidonge? Nikaanza kuvificha ndani ya soksi, ndani ya jalada la Biblia. Na kwa kuwa vilifichwa, hakuna aliyevihesabu. Siku maumivu yalipozidi niliongeza kimoja. Siku nilipokuwa na huzuni tu, bila maumivu makubwa, niliongeza pia. Vya kilinika vilipokwisha kabla ya siku yake, nilinunua vingine kwa watu wanaouza dawa sokoni bila karatasi.

Jumapili moja mwaka 2019, wakati wa shuhuda, kiongozi wa ibada alisema, "Na mchungaji wetu je? Tunaona sasa anasimama wima!" Kanisa likapiga vigelegele. Nilikuwa nimemeza vitatu asubuhi ile. Nikapokea kipaza sauti, nikasema Bwana ameniponya kabisa.

Mstari wa pili, upande wa kina mama, alikuwa ameketi mjane mmoja mwenye saratani. Alikuwa ametoka Lusaka kwenye matibabu, na alipewa dawa kali ya maumivu ya kunywa, ndani ya chupa. Alirudi nyumbani siku ile akaimwaga yote nyuma ya choo. Hakumwambia mtu. Majuma mawili aliteseka akiuma kanga yake usiku ili majirani wasisikie.

Binti yake alinijia saa nne za usiku. Akasema, "Baba mchungaji, mama anakuita. Anasema umletee imani yako, maana ya kwake haikutosha."

Nilikwenda. Nilipiga magoti kando ya mkeka wake, na nilipoinama kuomba nilisikia vidonge vyangu vikigongana ndani ya mfuko wa shati. Sikuweza kuendelea. Nilivitoa, nikaviweka juu ya mkeka, nikamwambia kila kitu. Nilingoja anilaumu. Alivitazama muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe tulikuwa wawili."

Asubuhi tulimpeleka kilinika na akapewa dawa tena. Aliishi miezi kadhaa kabla Bwana hajamtwaa, na katika miezi ile alilala, alikula kidogo, aliongea na wajukuu. Mimi nilikwenda kwa mama watoto, nikamwambia. Akajibu kwamba alijua, alikuwa akikuta vikaratasi vya vidonge. Kisha nilikwenda kwa wazee. Walinishusha madhabahuni miezi 3, na walifanya vema.

Tangu siku ile najiuliza dhambi yangu ilikuwa wapi hasa. Je, ilikuwa ndani ya kidonge? Mjane yule alikuwa na dawa kali kuliko yangu, na hakuwa na hatia yoyote. Kilichomtesa majuma mawili hakikuwa dawa, kilikuwa uongo wangu. Hili ndilo neno ninalotaka mbaki nalo: dawa ya maumivu inywewe nuruni. Ikinywewa nuruni ni msaada wa Mungu kama shuka na maji. Ikifichwa gizani, hata kidonge halali huanza kuharibu.

WANAOSEMA DAWA NI KUKOSA IMANI

Ndugu mmoja ninayemheshimu aliniletea Marko 15:23. Pale msalabani Bwana alipewa mvinyo uliotiwa manemane, kinywaji cha kupunguza maumivu, naye akakataa. "Basi mchungaji," akasema, "na sisi tukatae."

Hoja hii ina uzito na nimeifikiria sana. Najibu hivi. Bwana alikikataa kwa ajili yake mwenyewe, katika saa moja, kwa kazi moja ambayo hakuna kati yetu aliyepewa. Hakumwambia mgonjwa hata mmoja avumilie maumivu ili apate thawabu. Kila aliyemlilia, alimwondolea. Na kama kukataa kwake ni sheria kwetu, basi tusome na Yohana 19, ambapo katika mateso yaleyale alisema ana kiu, akakubali siki iliyopandishwa midomoni mwake. Mtu ana ruhusa kusema mbele ya watu kwamba anaumia, na kupokea.

Tazameni pia Isaya 38. Hezekia alikuwa amekwisha kuahidiwa miaka 15 zaidi, na ahadi ilitoka kwa Mungu mwenyewe. Hata hivyo nabii aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ahadi na dawa viliingia chumba kimoja na havikugombana. Paulo alisafiri na Luka tabibu. Tena katika 2 Timotheo 4:20 anasema alimwacha Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa. Mtume aliyewaponya wengi alimwacha mwenzake kitandani, wala hakuandika kwamba Trofimo alikosa imani.

Nitatoa na mfano wa hapahapa. Mwaka jana nilipita Mwansabombwe nikienda Mansa, na gari lilipoharibika tulikaa pale nusu siku, si mbali na jumba la Mwata Kazembe. Nilikumbuka kwamba David Livingstone alifika kwa Mwata Kazembe wa wakati ule mwezi wa Novemba 1867, baada ya kuliona ziwa letu la Mweru. Alifika bila dawa. Mwezi wa Januari mwaka uleule mchukuzi mmoja alikuwa ametoroka na sanduku lake la dawa, pamoja na kwinini. Livingstone alikuwa mmisionari na pia daktari. Alipolipoteza sanduku lile alihuzunika sana, akaandika kama mtu aliyeona kifo chake. Aliendelea na safari kwa homa na kuumwa mpaka alipofariki mwaka 1873 kwa Chitambo. Sijasikia mtu akisema kwamba huzuni yake juu ya sanduku ilikuwa upungufu wa imani. Basi mama wa bloku yetu anayetembea saa mbili na kukuta kilinika haina dawa, akarudi analia, tusimhukumu kwa kilio chake.

WANAOSEMA DAWA NI UTUMWA

Hoja hii ya pili ni nzito kuliko ya kwanza, na sitaidharau, maana nilifika mlangoni kwake. Katika 1 Wakorintho 6:12 Paulo anasema hata jambo lililo halali hatalipa nafasi limtawale. Na sisi tumewaona vijana sokoni na kando ya ziwa wanaomeza tramadoli bila ugonjwa, ili wasisikie njaa, uchovu wala kumbukumbu za vita. Dawa hii ikizidi kipimo inaweza kuleta degedege. Ikichanganywa na pombe au dawa za usingizi inaweza kuzimisha pumzi. Anayetahadharisha hakosei.

Lakini tutenganishe mambo mawili. Mwili wa mtu yeyote anayetumia dawa hizi kwa muda mrefu huzizoea. Akiziacha ghafula hutoka jasho, hutetemeka, huharisha, hakosi usiku wa mateso. Huko ni kuzoea kwa mwili, na dawa yake ni kupunguza polepole chini ya uangalizi. Utumwa ni jambo lingine: moyo umegeuka, mtu anaitafuta dawa hata isipohitajika, anadanganya, anauza nguo za watoto.

Nitambuaje niko wapi? Mimi najipima kwa maswali mawili. La kwanza: dawa hii inanirudisha kwa watu wangu, au inaniondoa kwao? Nikimeza na kwenda shambani, nikasaidia mtoto masomo, nikamtembelea mfiwa, imenirudisha. Nikimeza na kujifungia, imeniondoa. La pili: naweza kutaja hesabu yake kwa sauti, mbele ya mke wangu na mbele ya muganga? Siku ninaposita kuitaja ndiyo siku ninayopaswa kuitaja.

Jirani zetu wa Uganda wanatufundisha kitu hapa. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha huko Hospice Africa Uganda. Mofini, dawa kali kuliko zote tulizozitaja, walitengeneza kwa unga uliochanganywa na maji, ya kunywa, ya bei nafuu. Mwaka 2004 nchi ile iliweka kanuni kwamba hata wauguzi na maofisa tabibu waliofunzwa kazi hiyo waandike mofini, ili mgonjwa wa kijijini asife akilia kwa kukosa daktari. Hawakuikimbia dawa kwa hofu, na hawakuiachia ovyo. Waliipima, waliiandika, waliifuatilia nyumbani. Hiyo ndiyo ninaiita nuru.

Huduma ile ilianza hasa kwa wenye saratani na UKIMWI. Kwa ugonjwa wa kongosho unaoweza kudumu miaka 20 au 30, waganga wanakuwa waangalifu zaidi, na wana haki. Dawa hizi kwa miaka mingi hufunga choo, hulegeza matumbo, na kwa wengine huongeza maumivu yenyewe. Ndiyo maana muganga wangu aliniambia mapema kwamba hatutafuti siku isiyo na maumivu hata kidogo. Tunatafuta siku ambayo naweza kufanya kazi ndani yake. Nilipoelewa hivyo, nilielewa mwiba wa Paulo katika 2 Wakorintho 12. Aliomba mara tatu, mwiba ukabaki, na alipewa neema ya kuendelea. Neema ile haikuwa maneno ya kumnyamazisha, alitembea nayo mpaka Rumi.

TUNAVYOFANYA NYUMBANI KWETU

Naandika haya kwa ajili ya familia nyingine zenye mgonjwa wa maumivu ya muda mrefu. Hayachukui nafasi ya muganga wenu.

1. Dawa zote ziko ndani ya kopo moja, na kopo lina mlinzi mmoja, mama watoto. Watoto hawalifikii.

2. Tuna daftari. Tunaandika tarehe, saa, idadi, nimekula nini, na maumivu yalikuwaje. Daftari hilo naenda nalo kilinika. Muganga akiliona, haniulizi tena kwa mashaka.

3. Parasetamoli ina mpaka. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na aliyekonda sana au mwenye ugonjwa wa ini apewe chini ya hapo. Diklofenaki na ibuprofeni zikitumiwa muda mrefu huumiza tumbo na figo.

4. Hatuazimi vidonge na hatuazimishi. Najua kambini tunashirikiana chumvi, mkaa na hata viatu. Lakini kidonge kilichopimwa kwa mwili wangu kinaweza kumwua jirani yangu.

5. Sinunui tena kwa wasio na karatasi. Dawa ikikosekana kilinika, nawaambia wazee mapema, kabla haijaisha, ili tutafute njia pamoja. Kuacha ghafula sitaki.

6. Nakula kidogo mara tano au sita kwa siku, badala ya sahani mbili kubwa. Chisense za kukaushwa na maharage hunifaa kuliko vya kukaanga kwa mafuta mengi. Vidonge vya vimeng'enya vinavyosaidia kusaga chakula vipo duniani. Nikivipata navimeza pamoja na chakula, na kwa kawaida havipatikani kirahisi. Pombe na tumbaku havigusi mlango wetu.

7. Nikipata kiu isiyokwisha na kukojoa sana, nikigeuka manjano macho, au nikitapika bila kukoma, hatungoji asubuhi. Tunakwenda.

NENO KWA KANISA

Maumivu hayana jeraha la kuonyesha. Mwenye mguu uliovunjika anaaminiwa, mwenye kongosho anaulizwa maswali. Basi tuanze kwa kumwamini mtu anayesema anaumia. Huenda mara moja kati ya nyingi tutadanganywa. Afadhali hasara hiyo kuliko mama mwingine aume kanga yake usiku.

Pili, tusilazimishe shuhuda. Tulimpigia mtu vigelegele kabla hajasema neno, naye akatupa tulichotaka kusikia. Kosa lilikuwa langu, silisukumi kwenu. Lakini tujenge kanisa ambamo mtu anaweza kusimama na kusema: Bwana amenitunza, na bado naumwa, na bado nameza dawa. Huo nao ni ushuhuda. Tuupigie vigelegele.

Tatu, katika harusi na vilio, mtu akichukua bukari kidogo au akikataa nyama ya mafuta, tusimwambie anadharau mikono ya waliopika.

Nne, tuendelee kuomba uponyaji. Mimi naomba kila siku, na ninyi mniombee. Naamini Mungu anaweza kuyayeyusha mawe haya usiku wa leo. Akifanya hivyo nitarudi kwa daktari apige picha tena, tuone wote, ndipo nitashuhudia. Mpaka siku hiyo kopo litakaa kwa mama watoto.

Kwa mazungumzo ya familia jioni, naacha maswali matatu. Kuna maumivu gani ndani ya nyumba yetu ambayo hayajasemwa? Kuna dawa gani inayofichwa, na inafichwa kwa hofu ya nani? Na kama aliyeificha angeitoa leo na kuiweka juu ya mkeka, tungemwambia nini?

Mimi niliambiwa maneno matatu na mjane aliyekuwa na haki ya kunilaani. Yamenilinda kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia. Mkikosa la kusema, semeni hayo.

Tuombe. Ee Bwana, uliyesema una kiu mbele ya adui zako, utufundishe kusema tunaumia mbele ya ndugu zetu. Uwabariki wauguzi wetu wachache. Uwakumbuke wanaokesha usiku huu wameinama. Dawa ziwepo kilininika, na kweli iwepo nyumbani mwetu. Amina.

Ni mimi mtumishi na mgonjwa mwenzenu,

Mchungaji wenu, Mantapala